Tumeshinda kwa mbinde, mbona roho haijatulia? Mwongozo kwa shabiki aliyenuna na pointi tatu mkononi

Filimbi ya mwisho imelia, ubao unasoma moja bila, timu yako imeshinda na wewe umekaa tu. Kushangilia huna nguvu, kulalamika unaona kama unakufuru maana pointi tatu zipo kapuni, ila ndani kuna kitu kinakwaruza. Dakika tisini zote umekaa na presha, pasi zinapotea katikati, straika anakimbia peke yake kama kagombana na wenzake, dakika ya 88 wapinzani wamepata kona ukafumba macho. Halafu mtu anakuja anakupiga bega, "tumeshinda bana, furahi". Unafurahije sasa?

Haya maelezo ni ya kwako. Mimi ni Mwananchi, Yanga damu, kwahiyo mifano mingi itatoka Jangwani, lakini nitavuka mpaka Msimbazi kwa Simba pale inapobidi maana hili jambo halina jezi. Na mfano mkubwa ninao, ule mwanzo wa msimu wa 2024/25. Tulicheza mechi nane za kwanza za ligi tukashinda zote nane na nyavu zetu hazikuguswa hata mara moja, ukimsimulia mtu wa nje atakwambia nyie mko peponi. Lakini tano kati ya hizo nane zilikuwa moja bila: KenGold moja, KMC moja, Simba moja, Coastal moja, Singida Black Stars moja. Vijiweni watu walikuwa wanashinda mechi na kununa jioni hiyohiyo, na kipindi kile ndio kilinifundisha kwamba kuupokea ushindi mbaya ni kazi inayotaka ufundi wake.

Nachoamini mimi ni hiki: furaha ya matokeo na hasira ya kiwango zinaweza kukaa kifua kimoja na zote zikawa za kweli. Kazi yako ni kuzitenganisha, ili furaha isikudanganye kuhusu mpira uliouona na hasira isikunyang'anye pointi ambazo timu imezitolea jasho.

Nusu saa ya kwanza kaa kimya

Hii ndio hatua rahisi na ndio watu wengi wanaishindwa. Filimbi ikilia usiandike kitu. Usipost, usitume voisi noti kwenye grupu la familia, usimjibu shemeji yako wa Simba. Mwili bado una presha ya dakika za nyongeza, na kitu utakachoandika saa hiyo utakiandika kwa mapigo ya moyo, kesho watu wanakuletea skrinishoti na wewe mwenyewe unaiona ni maneno ya mtu mwingine kabisa.

Kama upo uwanjani baki kidogo kwenye kiti, acha msongamano wa getini upungue, waangalie wachezaji wanavyotoka. Hapo utaona vitu ambavyo runinga haikuonyeshi. Kuna siku utamwona beki amelala chini kabisa kachoka na kocha anatembea kwenda kumnyanyua, kuna siku utaona wachezaji wenyewe wanalaumiana mikono hewani wakati wameshinda, na hiyo ya pili ni taarifa kubwa kuliko hata matokeo. Kama upo kibanda umiza, kile cha kulipia kuangalia mpira kwenye runinga, toka nje upate hewa, agiza maji, wasikilize wengine bila kuchangia.

Halafu sema kimoyomoyo kilicho cha uhakika tu. Tumecheza mechi kadhaa, tuna pointi kadhaa, anayetufuata ana kadhaa. Inaonekana kitu kidogo lakini inasaidia, kwasababu hasira ya ushindi mbaya huwa inakufanya ujihisi umefungwa, na hujafungwa.

Tafuta hasira imetoka wapi

Sasa hapa tukae kidogo, maana hasira ya namna hii inakuja na sura moja lakini ina mizizi tofauti, na usipoujua mzizi wako utaishia kumtukana kiungo mkabaji wa watu kwa kosa ambalo sio lake.

Mzizi wa kwanza ni mkeka, yani tiketi ya kubeti. Tuambiane ukweli ndugu zangu. Wengi wanaotoka wamenuna baada ya moja bila hawajanunishwa na mpira, wameweka mabao matatu kwenda juu na mkeka umechanika kwa timu yao wenyewe kushinda. Hiyo sio hasira ya shabiki, ni hasira ya hela, na straika hakuwa na mkataba na wewe. Ushauri wangu ambao nausimamia: usiweke mkeka kwenye mechi ya timu unayoipenda, wala wa kushinda wala wa idadi ya mabao. Ukiweka umeshauza mapenzi yako kabla ya mpira kuanza, bao la kwanza likiingia badala ya kuruka unaanza kuhesabu bado mawili. Kama huwezi kuacha kubeti basi beti ligi za watu wa mbali huko, timu yako iache.

Mzizi wa pili ni matarajio, na hapa Wananchi tulijitengenezea wenyewe. Msimu wa 2023/24 ulianza kwa tano tano, KMC akala tano, JKT Tanzania akala tano, halafu tarehe 5 Novemba 2023 mtani wetu Simba akala tano kwa moja. Mtu aliyeanza kufuatilia mpira mwaka ule anajua Yanga ikishuka uwanjani ni tano, sasa ukimletea moja bila anaona kama kaibiwa. Jiulize, hivi naipima timu kwa mechi ya leo au kwa siku yake bora kuliko zote? Hata timu iliyofunga tano siku ile haikufunga tano kila wiki, ila kumbukumbu zetu zinahifadhi hailaiti tu, zile moja bila za msimu uleule tumeshazisahau.

Mzizi wa tatu ni mtani. Kuna watu hawajali kabisa timu imechezaje, wanachoogopa ni kesho kazini, yule jamaa wa upande wa pili atasema nini. Huu mzizi ni mkubwa kuliko tunavyokubali. Jipime hivi: kama mtani wako asingekuwepo duniani, ungekuwa na hasira hii? Kama jibu ni hapana, relax, hiyo itapita, na huko mbele nitakwambia namna ya kumkabili.

Mzizi wa nne ndio wenye maana: umeona tatizo la kweli la mpira na linakutisha. Hii hasira ni ya heshima, usiiue. Ila usiiamini mpaka umefanya hatua inayofuata.

Rudia mechi, au angalau kipande chake

Usiku huohuo au kesho yake tafuta marudio, hata nusu saa tu, na safari hii unajua matokeo kwahiyo moyo haukimbii. Utashangaa mechi unayoiona ni tofauti na ile uliyoiangalia jana. Mimi nikirudia huwa natafuta vitu vichache.

Cha kwanza na kikubwa kuliko vyote: moja bila ya kukosa au moja bila ya kukosekana? Kuna mechi timu inatengeneza nafasi saba nane, kipa wao anakuwa mtu wa mechi, mwamba unapigwa, straika anapaisha akiwa yeye na goli, mwisho moja bila. Na kuna mechi timu inapiga pasi mia za pembeni pembeni, nafasi hamna, goli limepatikana kwa kona au kwa kosa la beki wao, mwisho pia moja bila. Ubao ni uleule lakini hizo ni timu mbili tofauti.

Mfano upo. Septemba 2024 Yanga ilikwenda Addis Ababa kucheza na CBE kwenye Ligi ya Mabingwa, ikashinda moja bila, bao la Prince Dube, na nafasi zilipotea nyingi watu wakakasirika sana. Wiki moja baadaye marudiano pale New Amaan, Zanzibar, ikawa sita bila. Aliyekuwa anahesabu nafasi badala ya mabao alijua mvua inakuja. Siku nne tu baada ya hapo timu hiyohiyo ipo Sokoine, Mbeya, inacheza na KenGold waliopanda daraja msimu ule, ikashinda moja bila kwa kichwa cha Bacca ambaye ni beki wa kati, na watu wakauliza jamani zile sita zimeenda wapi.

Ndio maana kitu cha pili ni mazingira. Kutoka Zanzibar mpaka Mbeya ndani ya siku nne, unatoka pwani kwenye joto unapanda mpaka mji uliopo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, uwanja mwingine kabisa, na unakutana na timu ambayo mechi na Yanga ndio sikukuu yao ya mwaka. Wanakukamia. Kila mpira wa pili wanaufia. Mchezaji ambaye wiki nzima ijayo hatokimbia hivyo, siku hiyo anakimbia mpaka misuli inakaza. Ukiweka hayo mezani, moja bila ya Mbeya inaanza kuonekana ni kazi ya wanaume. Sijasema ulikuwa mpira mzuri, haukuwa, nasema ulikuwa na sababu.

Cha tatu ni wapinzani walicheza vipi. Wengi tunasema "wamepaki basi" kama tusi halafu tunaishia hapo, lakini ukiangalia kwa makini utaelewa kwanini bao moja halifungui mechi kama tunavyodhani. Timu inayokaa nyuma na mabeki watano na viungo wanne mbele yao haina haja ya kutoka hata ikifungwa moja, kwasababu moja bila bado ni mechi, wanajua ikifika dakika ya 85 faulo moja nje ya boksi inatosha kupata sare na sare kwa Yanga au Simba kwao ni kombe. Kwahiyo unafunga dakika ya tano na dakika 85 zinazobaki bado wako palepale, katikati hamna njia, mpira unalazimika kwenda pembeni, krosi inaingia, mabeki wao warefu wanaitoa, mnaanza upya. Kipa wao ndani ya dakika ya kumi ameshakaa chini mara mbili. Inachosha kuangalia, naelewa. Sasa swali la kujiuliza ni timu yako ilijaribu nini tofauti? Winga walibadilishana pembe? Kuna aliyejaribu shuti la mbali? Kiungo alikuwa anaupeleka mpira haraka kutoka upande mmoja kwenda mwingine au anaukalia mpaka ukuta unajipanga? Kocha alifanya sabu za kubadilisha mchezo au za kubadilisha majina tu? Hapo ndipo kiwango kinapimwa.

Cha nne, kipa wako alifanya kazi kiasi gani. Kama Diarra kaokoa mbili za uso kwa uso na timu imetoka na moja bila, usiende kulala umesema tumecheza salama. Mmechezea kamari. Lakini kama kipa wako jezi imetoka safi hata vumbi hamna, hiyo moja bila ilikuwa na ufunguo mfukoni hata kama ilikuboa.

Usome mechi tatu, usisome moja

Mechi moja mbaya haikwambii kitu. Mbili zinakwambia angalia. Tatu zenye tatizo lilelile, hapo una haki ya kusema kwa sauti.

Turudi kwenye zile nane za mwanzo. Ukizipanga pembeni utaona kitu kinajirudia: bao la KenGold ni la beki, bao la Simba la tarehe 19 Oktoba ni la kujifunga, Kijili wa Simba dakika za mwishoni, halafu Coastal moja na Singida moja. Mabeki na kipa walikuwa wanaibeba timu huku mbele pakiwa pamelegea. Na timu inayoishi kwa bao moja inaishi bila akiba, siku nyavu zikiguswa hakuna kitu cha kujazia. Siku ilifika. Tarehe 2 Novemba Azam akatufunga moja bila pale Chamazi, tukiwa pungufu baada ya kadi nyekundu ya Bacca, yani ile moja bila yetu ikatugeukia. Siku tano baadaye Tabora United akatupiga tatu kwa moja. Katikati ya mwezi uleule Gamondi hakuwa tena kocha wa Yanga.

Sasa hapa mtu atasema basi walionuna walikuwa sahihi. Wapo waliokuwa sahihi, wale waliosema mbele pana shida na wakaonyesha shida yenyewe. Lakini hizo pointi 24 za mechi nane hazikurudishwa dukani, zilibaki kwenye jedwali, na msimu ule ulivyoisha, tukiwa na kocha wa tatu ndani ya msimu mmoja, ubingwa tuliuchukua siku ya mwisho tarehe 25 Juni 2025 kwa kumfunga Simba mbili bila. Zile moja bila mbovu zilikuwa ndani ya ule ubingwa. Kila moja.

Na upande wa pili wa mto nao wana somo lao, nawapa heshima yao. Msimu wa 2022/23 Simba alianza makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa kufungwa na Horoya moja, akafungwa na Raja tatu pale Mkapa, hajafunga hata bao moja. Akaenda Uganda akamfunga Vipers moja bila, bao la Inonga, beki. Akarudi Dar akamfunga Vipers tena moja bila, Chama. Nani alitoka uwanjani anaimba? Wengi walisema kwa mpira huu Horoya anakuja kutumaliza. Horoya akaja tarehe 18 Machi 2023 akala saba, Chama peke yake matatu, Simba huyo robo fainali. Bila zile mbili za kubanwa, saba zile zingekuwa za kujifurahisha tu.

Kwahiyo moja bila inaweza kuwa dalili ya ugonjwa na inaweza kuwa dalili ya mtu anayepona, na huwezi kujua kwa kuangalia ubao. Ugiriki walichukua Euro 2004 kwa moja bila robo fainali, moja bila nusu fainali, moja bila fainali, na sidhani kama kuna Mgiriki mpaka leo anaomba mechi zirudiwe wacheze vizuri.

Namna ya kusema kwamba hujaridhika

Umekaa kimya, umejua hasira yako, umerudia mechi, na bado unaona kuna shida. Sema. Shabiki anayenyamaza kila siku haisaidii timu, na wale wanaokwambia "kama hujaridhika hamia kwa watani" hawana haki ya kukufukuza kwenye timu uliyoipenda labda kabla hawajazaliwa. Ila sema hivi.

Anza na ushindi. Sio kwa unafiki, ni kwa sababu ni kweli na kwasababu mtu anayesikia "hongera vijana" mwanzoni anaendelea kusikiliza. Halafu chagua kitu kimoja. Kimoja tu. "Winga zetu hazirudi kukaba tukipoteza mpira, beki wa pembeni anabaki na watu wawili." Hiyo ni hoja, mtu anaweza kuijibu au kuikubali. Lakini ukisema "timu mbovu, kocha mbovu, viongozi wabovu, usajili mbovu" umetapika tu, hakuna atakayeokota kitu humo.

Na sasa nisemalo hapa nalisema kwa uchungu kabisa. Wachezaji wasiguswe familia zao. Tuna tabia ya kumshikia mtu bango, straika kakosa nafasi mbili kwenye mechi tuliyoshinda, usiku anaamka kwenye simu anakuta maelfu ya matusi, ya mama yake, ya mke wake, picha za mtoto wake zimeandikwa vitu. Mechi tuliyoshinda! Halafu wikiendi tunataka yuleyule aingie boksi na akili iliyotulia afunge. Hawezi, mguu unakuwa mzito, anaanza kupiga pasi ambazo alipaswa kupiga mashuti kwasababu anaogopa kukosa. Kama unataka afunge, muache apumue. Mkosoe mchezaji kwa alichofanya na mpira ndani ya mistari minne, ukivuka mistari hiyo umeacha kuwa shabiki.

Kuzomea nako kuna wakati wake. Mpira ukiwa unaendelea na tunaongoza moja bila, mzomeo unawasaidia wapinzani peke yao, wanajua wenyeji wameshakosa imani na wanapanda juu. Imba mpaka filimbi, hata kama unaimba umekunja uso. Baada ya filimbi ndio una ruhusa ya kukaa kimya, na niamini, uwanja mkubwa kama Mkapa ukikaa kimya baada ya ushindi, ujumbe unafika mpaka vyumba vya kubadilishia nguo.

Kesho yake na mtani

Atakuja. Atakuja asubuhi na mapema kabla hujamaliza chapati, "eti mmeshinda kwa goli la kujifunga, hongereni kwa kusaidiwa". Kosa la wengi ni kuanza kuutetea mpira ambao wenyewe hawakuupenda, unajikuta unabishana kwamba mlicheza vizuri huku moyoni unajua sio, na mtani anaiona kwenye macho yako anazidi kukubana.

Mkubalie kiwango, mkatalie matokeo. "Kaka ni kweli jana hatukucheza, kwahiyo fikiria siku tutakayocheza." Au "mzee mpira ulikuwa mbovu, pointi ni nzima." Hapo hana pa kushika maana umempa mwenyewe alichokuja kukinyang'anya. Kama anayekutania ni mtu mzima, baba mkwe au mzee wa mtaani aliyeanza kushabikia enzi Simba anaitwa Sunderland, msikilize amalize kwanza, huwa wana stori za moja bila za miaka ya nyuma zilizokuwa mbaya kuliko hii yako, na ukitoka hapo umeshajifunza kitu na umeshacheka.

Ukiona utani umegeuka matusi, ondoka. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936, karibu miaka tisini hii miji na koo zimechanganyika kijani na nyekundu nyumba moja, utani umeishi kwasababu watu walijua pa kuishia.

Pale ushindi wenyewe unapouma

Kuna ushindi mwingine ambao hata huu mwongozo hauutoshi vizuri, ila lazima niutaje. Fainali ya Kombe la Shirikisho 2023. Mkapa tulifungwa mbili kwa moja na USM Alger, tukaenda Algiers tarehe 3 Juni tukashinda moja bila, penalti ya Djuma Shabani, jumla mbili mbili, kombe likabaki kwao kwa mabao ya ugenini. Tumeshinda fainali ya pili kwao, mbele ya watu wao, na tumelikosa kombe. Simba naye mwaka uleule, Wydad alifungwa moja bila Dar kwa bao la Baleke, kule Casablanca ikawa moja bila kwao, penalti zikaamua, Simba akatoka.

Kwenye ushindi wa namna hii usijilazimishe furaha na usimruhusu mtu akuharakishe. Lia kama unataka kulia. Hiyo haina uhusiano na kiwango, wala hakuna kitu cha kwenda kurudia kwenye marudio, ni msiba na unapewa siku zake. Ukipita muda ndio utaanza kujivunia kwamba timu yako ilishinda Algiers.

Na kuna wa kinyume chake, ambao kiwango hakiulizwi kabisa. Novemba 19, 2024 Taifa Stars na Guinea pale Mkapa, bao la Msuva, moja bila, tumefuzu AFCON. CHAN ya Agosti 2025, Mauritania, dakika ya 89 Kapombe, moja bila, timu ikaenda mpaka robo fainali. Siku kama hizo ukimwona mtu anaanza uchambuzi wa pasi za kiungo saa mbili baada ya mechi, mwondoe kwenye meza kwa upendo. Mechi ya kufuzu ni ya kufuzu. Uchambuzi utafanyika jumatatu.

Ukiwa na mtoto pembeni

Nimeacha hili mpaka hapa lakini nalijali sana. Kama umemleta mwanao uwanjani, au mpwa wako yuko na wewe sebuleni, mara yake ya kwanza au ya pili, hiyo moja bila mbaya kwake ni ushindi mtamu kuliko wote duniani. Bao moja ameliona, ameruka, amekumbatiwa na watu asiowajua. Usimharibie kwa uso wako. Mnyanyue juu, mwimbie, mnunulie ubuyu, uchambuzi wako ufanye akishalala. Watoto wanaojifunza kwamba ushindi ni kitu cha kununia wanakuja kuwa wale mashabiki wanaotoka uwanjani dakika ya 70 tukiongoza.

Kabla ya mechi ijayo

Angalia ratiba mapema. Kama timu imetoka kimataifa jumapili na jumatano ina mechi mkoani, saa kumi jioni, jua kali, na wenyeji wanapigania kutoshuka daraja, jiambie toka asubuhi kwamba leo moja bila ni chakula kamili. Chagua kitu kimoja kati ya vile vilivyokukera mechi iliyopita, iwe ni winga kutokurudi au mipira ya kona ya wapinzani, na macho yako yawe hapo mechi nzima. Kikirekebishwa utakiona hata kama mabao hayajaja, na utatoka na kitu cha kufurahia ambacho ubao haukionyeshi. Kisiporekebishwa, hiyo ni ya pili, ihesabu. Mkeka usiweke. Jezi vaa ileile.